Umeme wa misuli na ongezeko la nguvu

Umeme wa misuli ni mabadiliko madogo ya volteji yanayotokea katika nyuzi za msuli kila zinapopokea amri ya neva ya kujikaza. Upimaji wake huitwa elektromiografia. Mazoezi ya ukinzani ni mazoezi ambayo msuli hushindana na mzigo, uwe chuma, jiwe, dumu la maji, mpira wa kuvuta au uzito wa mwili wenyewe. Makala hii inaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana: umeme wa msuli unaonyesha nini, na hauonyeshi nini, mtu anapozidi kuwa na nguvu kwa mazoezi.

Mtu anayeanza mazoezi ya ukinzani huongezeka nguvu kabla msuli wake haujanenepa. Katika wiki za mwanzo kinachobadilika zaidi ni amri ya neva, na mabadiliko hayo huonekana kama ongezeko la umeme. Baadaye unene wa msuli huchukua sehemu kubwa zaidi. Hata hivyo ukubwa wa umeme si kipimo cha nguvu, wala si ahadi kwamba msuli utakua. Tofauti hiyo ina maana kwa wazee, kwa wagonjwa wanaorudishiwa uwezo wa viungo, na kwa watu wanaoishi kwa kazi za mikono, kama wakulima wa uwanda wa juu wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa, Tanzania, ambako mifano kadhaa ya makala hii imetolewa.

Umeme unavyotokea katika msuli

Amri ya kukaza msuli huanzia kwenye ubongo, hushuka kupitia uti wa mgongo, kisha hufuata neva hadi kwenye msuli. Seli moja ya neva ya uti wa mgongo huamuru nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Seli hiyo pamoja na nyuzi zote zilizo chini yake huitwa kizio cha mwendo. Katika misuli midogo inayogeuza jicho, kizio kimoja kinaweza kuwa na nyuzi kumi hivi; katika misuli mikubwa ya mguu kinaweza kuwa na nyuzi zaidi ya elfu moja.

Uzi wa msuli uliotulia una volteji hasi ndani yake ukilinganishwa na nje, kati ya milivolti 80 na 90. Neva inapofikisha amri, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Milango midogo kwenye utando wa uzi hufunguka, ayoni za sodiamu huingia, na volteji hugeuka kwa muda mfupi sana kabla ya kurudi ilivyokuwa. Wimbi hilo husafiri kwenye uzi kwa kasi ya mita 3 hadi 5 kwa sekunde. Likipita huachilia kalsiamu ndani ya uzi, na kalsiamu ndiyo inayowezesha protini za aktini na miosini kushikana na kuvutana. Kwa hiyo umeme hutangulia, mvuto hufuata. Umeme ni amri iliyofika. Si mvuto wenyewe.

Mwili huongeza nguvu ya msuli kwa njia mbili:

1. Kuita vizio vingi zaidi. Vizio vidogo visivyochoka haraka huitwa kwanza, vikubwa huitwa mwisho. Utaratibu huu hujulikana kama kanuni ya ukubwa, na ulielezwa na Elwood Henneman na wenzake katika tafiti zilizochapishwa mwaka 1965.
2. Kuongeza kasi ya amri. Kizio kinachopokea amri 8 kwa sekunde huvuta kwa udhaifu. Kikipokea 30 au zaidi, mivuto huungana na kuwa mvuto mmoja wenye nguvu.

Anayepepeta ulezi kwa ungo hutumia hasa vizio vidogo vya mikono. Anayejitwisha gunia la mahindi la kilo 100 huita karibu vyote alivyo navyo, tena kwa kasi kubwa. Mtu asiyezoea mizigo mizito mara nyingi hawezi kuviita vyote, au huviita bila kufikia kasi ya juu. Akiba hiyo isiyotumika ndiyo ambayo mazoezi huigusa kwanza.

Jinsi umeme unavyopimwa

Kuna aina mbili kuu za elektrodi. Elektrodi za sindano huchomwa ndani ya msuli na huweza kusikiliza vizio vichache au hata kimoja; hutumika zaidi hospitalini kuchunguza magonjwa ya neva na misuli. Elektrodi za juu ya ngozi hubandikwa kama plasta ndogo na hukusanya umeme wa vizio vingi kwa pamoja. Hizi ndizo zinazotumika sana katika uchunguzi wa mazoezi kwa sababu haziumizi.

Umeme unaofika kwenye ngozi ni mdogo, kwa kawaida chini ya milivolti 10 kutoka kilele hadi bonde. Mawimbi yake yana masafa yasiyozidi takriban hezi 500, na sehemu kubwa ya nishati yake iko kati ya hezi 50 na 150. Umeme wa nyumbani nchini Tanzania una masafa ya hezi 50, kwa hiyo nyaya za ukutani zinaweza kuingiza kelele katikati ya kipimo. Ndiyo maana ngozi husafishwa vizuri, waya huwekwa mbali na soketi, na vifaa vingi huendeshwa kwa betri.

Joto la kiungo nalo ni muhimu. Msuli ukiwa baridi, wimbi la umeme husafiri polepole na masafa ya kipimo hushuka. Mjini Sumbawanga, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai huwa baridi. Mkono uliotoka nje saa moja asubuhi unaweza kutoa kipimo tofauti na mkono uleule saa nane mchana ingawa nguvu haijabadilika. Kwa sababu hiyo mpimaji hupasha kiungo joto kabla ya kuanza.

Watu hutofautiana kwa unene wa ngozi, mafuta yaliyo chini yake na mahali elektrodi zilipobandikwa. Mafuta hufifisha umeme kabla haujafika juu. Kwa hiyo si sahihi kulinganisha maikrovolti za mtu mmoja na za mwingine moja kwa moja. Njia ya kawaida ni kumwomba mtu akaze msuli kwa uwezo wake wote, kisha vipimo vingine vyote vielezwe kama asilimia ya kile kilele chake mwenyewe.

Historia fupi

Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yake juu ya miguu ya vyura iliyorukaruka ilipoguswa na metali au cheche za umeme, akidai kwamba mwili wa mnyama una umeme wake. Mwaka 1849 Emil du Bois-Reymond, mwanafiziolojia wa Ujerumani, alitangaza kwamba ameweza kupima umeme wa misuli ya binadamu anayeikaza kwa hiari. Mwaka 1929 Edgar Adrian na Detlev Bronk walieleza elektrodi ya sindano iliyowawezesha kusikiliza kizio kimoja cha mwendo. Adrian na Charles Sherrington, ambaye utafiti wake uliweka msingi wa dhana ya kizio cha mwendo, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1932.

Upande wa mazoezi, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza mwaka 1945 njia ya kuwarudishia nguvu askari waliojeruhiwa kwa kuwaongezea mzigo hatua kwa hatua. Swali lililobaki lilikuwa hili: nguvu inayoongezeka hutoka kwenye neva au kwenye mnofu? Elektromiografia ndiyo iliyofungua njia ya kulijibu.

Kutenganisha sehemu ya neva na sehemu ya mnofu

Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walichapisha utafiti wa wiki 8 ambamo vijana walifanyisha mazoezi mkono mmoja tu, kwa misuli inayokunja kiwiko. Hoja yao ilikuwa rahisi. Chora mchoro wa umeme dhidi ya nguvu, kabla na baada ya mazoezi. Kama msuli umenenepa, kila kipimo cha umeme kitatoa nguvu kubwa kuliko zamani. Kama ni neva peke yake iliyobadilika, uwiano utabaki uleule, ila mtu ataweza kufikia umeme mwingi zaidi.

Hesabu ifuatayo ni ya kubuni, lakini inaonyesha hoja hiyo. Mtu anaweza kushikilia kilo 20 kwa uwezo wake wote, na umeme wake ni maikrovolti 400. Uwiano ni maikrovolti 20 kwa kila kilo. Baada ya mazoezi anashikilia kilo 25.

- Akifikia maikrovolti 500, uwiano umebaki 20 kwa kilo. Kilo zote 5 zimetokana na neva.
- Akibaki na maikrovolti 400, uwiano umeshuka hadi 16 kwa kilo. Kilo zote 5 zimetokana na mnofu.
- Akifikia maikrovolti 450, uwiano ni 18 kwa kilo. Kwa uwiano wa zamani umeme huo ungetoa kilo 22.5, kwa hiyo kilo 2.5 ni za neva na kilo 2.5 zilizobaki ni za mnofu.

Moritani na deVries walikuta kwamba mwanzoni sehemu ya neva ndiyo kubwa, na kwamba baada ya wiki 3 hadi 5 sehemu ya mnofu huipita. Mkono ambao haukufanyishwa mazoezi nao uliongezeka nguvu, na ongezeko hilo lilielezwa na neva peke yake.

Mwaka 1983 Keijo Häkkinen na Paavo Komi wa Finland walifuata wanaume waliofanya mazoezi mazito kwa wiki 16 kisha wakapumzika wiki 8. Umeme na nguvu vilipanda wakati wa mazoezi na kushuka baada ya kuacha. Mwaka 2019 Alessandro Del Vecchio na wenzake walitumia elektrodi nyingi ndogo zilizopangwa kama kiunzi, wakaweza kutambua vizio vilevile kabla na baada ya wiki 4 za mazoezi ya msuli wa mbele wa goko. Walionyesha kwamba vizio viliitwa mapema zaidi na vilipokea amri kwa kasi kubwa zaidi. Kile ambacho watafiti wa 1979 walikikisia kutokana na jumla ya umeme, hawa walikiona katika kizio kimoja kimoja.

Ushahidi mwingine wa kazi ya neva

Nguvu kuhamia upande wa pili. Mwaka 1894 Edward Scripture na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi, wa pili nao huongezeka nguvu. Kwa kuwa mkono wa pili haukubeba kitu, mnofu wake hauwezi kuwa chanzo. Jambo hili lina matumizi halisi: mtu aliyefungwa plasta kwenye mguu mmoja baada ya kuvunjika anaweza kufanyisha mazoezi mguu mzima, na mguu ulio ndani ya plasta ukapunguza upotevu wa nguvu.

Mazoezi ya kuwaza. Mwaka 1992 Guang Yue na Kelly Cole walichapisha jaribio la wiki 4 juu ya kidole kidogo cha mkono. Kundi lililokaza msuli kweli liliongezeka nguvu kwa asilimia 30. Kundi lililowaza tu kwamba linakaza, bila kukaza, liliongezeka kwa asilimia 22. Kundi lisilofanya lolote liliongezeka kwa asilimia 3.7.

Wazee wa miaka 90. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa wastani wa miaka 90 waliofanya mazoezi mazito ya misuli ya mbele ya paja kwa wiki 8. Nguvu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, lakini eneo la misuli katikati ya paja liliongezeka kwa asilimia 9 tu. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo ya kutembelea. Pengo kati ya 174 na 9 haliwezi kuelezwa na unene peke yake. Sehemu kubwa ni ya neva zilizojifunza upya kuita misuli iliyokuwapo.

Hii haina maana kwamba mnofu wa wazee haukui. Walter Frontera na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba wanaume wa miaka 60 hadi 72 walinenepa misuli baada ya wiki 12 za mazoezi. Neva hutangulia, mnofu hufuata, kwa wazee kama kwa vijana.

Pale umeme na nguvu vinapoachana

Umeme mwingi mara nyingi huambatana na nguvu kubwa, lakini uhusiano huo una mipaka ambayo msomaji wa tafiti au wa matangazo ya vifaa vya mazoezi anapaswa kuifahamu.

Kuchoka. Mtu akishikilia dumu la maji kwa mkono ulionyooka mbele, mzigo haubadiliki. Kadiri dakika zinavyopita umeme wa bega huongezeka, kwa sababu vizio vilivyochoka hulazimu vingine viitwe. Umeme umepanda, nguvu ni ileile.

Mawimbi kufutana. Elektrodi za ngozi hukusanya mawimbi ya vizio vingi. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, hufutana. Kwa hiyo amri za neva zikiongezeka maradufu, umeme unaopimwa hauongezeki maradufu.

Misuli jirani. Elektrodi iliyobandikwa juu ya msuli mmoja inaweza kusikia umeme wa msuli ulio karibu.

Misuli pinzani. Anayejifunza kazi mpya hukaza misuli ya mbele na ya nyuma ya kiungo kwa wakati mmoja, kama dereva anayekanyaga mafuta na breki pamoja. Mazoezi humfundisha kulegeza breki. Nguvu inayoonekana huongezeka ingawa umeme wa msuli mkuu haukubadilika, na ule wa msuli pinzani hupungua.

Mwendo wa kuinua na wa kushusha. Kushusha mzigo polepole huhitaji umeme mdogo kuliko kuuinua, ingawa mzigo ni uleule. Hata hivyo kushusha ni zoezi zuri la kuongeza nguvu.

Mzigo mwepesi hadi kuchoka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha matokeo ya wiki 10 yaliyoonyesha kwamba mzigo wa asilimia 30 ya uwezo wa juu, ukirudiwa mpaka msuli ushindwe, ulinenepesha misuli sawa na mzigo wa asilimia 80. Mzigo mwepesi kwa kawaida hutoa umeme mdogo zaidi, lakini unene ulikuwa sawa. Nguvu ya kuinua mzigo mzito mara moja iliongezeka zaidi kwa waliotumia mzigo mzito.

Kutokana na hayo, kusema kwamba zoezi fulani ni bora kwa kuwa linatoa umeme mwingi ni kuruka hatua. Umeme unaeleza jinsi msuli ulivyoitwa siku ile. Ukuaji hutegemea pia marudio, chakula, usingizi, umri na muda.

Tafiti za Afrika Mashariki

Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti juu ya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walikuta kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini katika nchi tajiri. Tofauti ni namna ya kupumzika: Wahadzabe huchuchumaa au kupiga magoti mara kwa mara. Elektromiografia ilionyesha kwamba kuchuchumaa huamsha misuli ya miguu zaidi kuliko kukaa kwenye kiti. Si mazoezi ya kuongeza nguvu, lakini ni mfano mzuri wa kile ambacho kipimo hiki kinaweza kufichua: kazi ya misuli isiyoonekana kwa macho.

Mfano wa pili ni wa Kenya, na unafundisha jambo la upande mwingine. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walipima hewa waliyovuta wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu walipokuwa wakitembea na mizigo, Wajaluo wakibeba kichwani na Wakikuyu kwa mkanda wa paji la uso. Mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza kwamba wanawake hao wanapobeba mzigo hubadilishana nishati kati ya hatua na hatua kwa ufanisi zaidi, kama timazi inayobembea. Kipimo kilikuwa cha nishati na mwendo, si cha umeme wa misuli, lakini somo linagusa mada hii: mwili uliozoea kazi haukazi zaidi, unakaza kwa wakati unaofaa.

Kazi za mikono za Ufipa na mazoezi ya ukinzani

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wakulima wake hulima mahindi, ulezi, maharage na ngano. Wafipa wana utaratibu wa zamani wa kulima kwa vichuguu vya mviringo viitwavyo ntumba: udongo wenye nyasi hukatwa kwa jembe na kupinduliwa, nyasi zikafukiwa ndani zioze ziwe mbolea. Kukata na kupindua udongo ulioshikwa na mizizi ni kazi ya ukinzani kwa maana kamili ya neno.

Wafipa walijulikana pia kwa kuyeyusha chuma hadi karne ya 20. Tanuri kubwa, ilungu, lenye urefu wa karibu mita tatu, lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, kwa kupuliziwa mivukuto, kisha kikapigwa nyundo. Mwanafunzi wa mhunzi alihitaji nguvu za mkono, lakini alihitaji zaidi neva zilizojua lini pa kukaza na lini pa kulegeza.

Je, kazi hizo zinatosha kuongeza nguvu? Kanuni zilizoelezwa juu zinatoa jibu la hatua mbili. Kijana anayeshika jembe kwa mara ya kwanza huongezeka nguvu haraka katika wiki za mwanzo, hasa kwa upande wa neva. Baada ya hapo jembe ni lilelile na udongo ni uleule. Mzigo usipoongezeka, mwili hauna sababu ya kuendelea kuongezeka nguvu. Huongeza ustahimilivu na ustadi. Ndiyo maana mtu anaweza kulima kwa miaka 30 bila nguvu zake kupanda kila mwaka. Vilevile kulima hufanyisha kazi zaidi mgongo, mabega na mikono, huku mapaja yakipata mzigo mdogo wa kuinua. Mzee anaweza kuwa na kigasha imara na bado akashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujishikilia.

Hapo ndipo mazoezi ya ukinzani yanaposaidia, na hayahitaji ukumbi wala mashine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni mizani ya kutosha:

- Kuinuka kwenye kigoda na kukaa polepole, mara 8 hadi 12, kwa awamu mbili au tatu. Anayeweza bila shida hushika dumu lenye lita 2, kisha 4, kisha 6.
- Kuinua dumu kutoka chini kwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo.
- Kupanda na kushuka ngazi moja ya baraza kwa mguu mmoja mmoja.
- Kufanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, kwa kupumzika siku moja katikati.

Mzigo huongezwa pale marudio ya mwisho yanapokuwa mepesi. Katika mwezi wa kwanza ni kawaida nguvu kuongezeka bila mkono au paja kuonekana limejaa. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani hawajapata kitu, ilhali neva tayari zimebadilika. Anayeacha mapema hukosa sehemu ya mnofu, ambayo huja baadaye na huhitaji chakula chenye protini, kama maharage, dagaa na samaki wa maziwa ya Rukwa na Tanganyika.

Matumizi katika tiba

Elektromiografia husaidia madaktari kutofautisha udhaifu unaotokana na neva na ule unaotokana na ugonjwa wa msuli wenyewe. Kwa mgonjwa wa kiharusi, kipimo kinaweza kuonyesha umeme kidogo katika msuli ambao bado hauwezi kusogeza kiungo. Umeme huo ni habari njema: njia ya amri haijakatika kabisa, na mazoezi yana kitu cha kujengea. Baadhi ya vifaa humwonyesha mgonjwa umeme wake kwenye kioo au kwa sauti ili ajifunze kuuongeza. Mikono bandia ya kisasa huendeshwa kwa umeme wa misuli iliyobaki juu ya mahali palipokatwa.

Pasipo na kifaa, wataalamu wa fiziotherapia hupima nguvu kwa mikono yao, kwa madaraja kuanzia 0 hadi 5. Daraja la 1 ni pale msuli unapoonekana au kuhisiwa ukikaza bila kiungo kusogea. Kwa maana hiyo kidole cha mtaalamu kilichowekwa juu ya msuli hutafuta jambo lilelile ambalo elektrodi hulitafuta.

Tahadhari

Mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo, ngiri au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi ya mizigo. Pumzi isizuiliwe wakati wa kuinua; itolewe mzigo unapopanda. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni ya kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili za kusimama na kwenda hospitali mara moja.

Tazama pia

- Msuli
- Neva
- Uti wa mgongo
- Kiharusi
- Wafipa
- Sumbawanga